Waya wa Mita Ishirini na Betri ya Gari



Mtu akituuliza karafuu na redio zina udugu gani, tutamjibu kwa tarehe moja tu: 15 Aprili 1872. Siku hiyo kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu shamba baada ya shamba, kikavunja nyumba na kuzamisha vyombo bandarini. Pemba iliokoka kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo mama wa karafuu. Lakini kuna jambo jengine katika khabari ile ambalo aghalabu halitajwi. Upepo ulipotulia, Unguja haikuwa na njia ya kuueleza ulimwengu msiba wake ila kupeleka chombo, na vyombo vingi vilikuwa chini ya maji. Waya wa simu wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, yaani miaka saba baadaye.

Leo hata mchumaji aliye juu ya mkarafuu ana simu mfukoni. Lakini simu ile hutegemea mnara, mnara hutegemea umeme, na umeme wetu hupita chini ya bahari. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Kutoka Desemba 2009 hata Machi 2010 ikakaa kiasi cha miezi mitatu, na wanachama wa huko hawahitaji kukumbushwa bei ya mafuta ya jenereta siku zile. Pemba nayo ilifikiwa na waya wa umeme kutoka Tanga mwaka 2010, tukafurahi, na haki yetu kufurahi, ila tangu siku hiyo nasi tumefungwa kamba hiyo hiyo. Tena Mei 2024 nyaya mbili za intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika baharini huko kusini, mbali kabisa na sisi, na mtandao ukayumba Tanzania nzima.

Kwa hivyo tumeona tuwape wanachama khabari za watu ambao kila mwaka hujinyima umeme kwa hiari yao, wakaenda kukaa porini usiku kucha na redio zao, wakashindana nani ataweza kusikilizana na watu wengi zaidi.

Watu hawa huitwa wana-redio wa ridhaa. Hawatangazi muziki wala hawauzi kitu. Kila mmoja ana leseni ya serikali yake, ana herufi na nambari zake za kuitiwa, na ana mtambo mmoja wa kupelekea na kupokelea sauti, wengine mdogo kama kitabu. Huzungumza kwa mdomo, au kwa nukta na vistari vya Morse, na siku hizi pia kwa kompyuta. Nchini Marekani wana chama chao tangu mwaka 1914, kiitwacho ARRL, na mwaka 1933 chama hicho kilianzisha Siku ya Uwandani. Hufanyika mwezi wa Juni, mwisho wa wiki. Vilabu hutoka majumbani vikaenda viwanjani, milimani na ufukweni, vikatundika waya, vikawasha mitambo kwa betri au jenereta au jua, na kuita kwa muda wa saa 24. Sehemu yetu ya dunia, yaani Ulaya na Afrika pamoja na Mashariki ya Kati, nayo ina mashindano ya uwandani ya namna hiyo: ya Morse mwezi wa Juni na ya sauti mwezi wa Septemba.

Akili ya mashindano yale imo katika hesabu ya alama. Siku ya Uwandani ya Marekani, mazungumzo ya sauti hupata alama moja, ya Morse alama mbili. Kisha jumla huzidishwa kwa kadiri ya nguvu ya mtambo: anayetumia wati 100 huzidishiwa mara mbili, lakini anayetumia wati 5 au chini yake, kwa betri au jua bila ya jenereta, huzidishiwa mara tano. Maana yake mwenye kidogo akijua kukitumia huweza kumpita mwenye kingi. Kisha kuna alama za ziada kwa kuweka kituo mahali ambapo wapita njia wataona, kwa kuwaalika wakubwa wa serikali waje kutazama, na kwa kupeleka barua kwa njia ya redio neno kwa neno bila ya kosa. Hayo si mambo ya mchezo. Ndiyo mambo yenyewe yanayotakikana siku ya msiba, yamevikwa nguo ya mchezo ili vijana wasichoke kuyafanya.

Twakubali wako wanaokwenda kwa ajili ya nyama ya kuchoma. Hata katika uchumaji wa karafuu wako wanaokuja kwa ajili ya ngoma za jioni, na karafuu huchumwa vivyo hivyo.

Sasa, ili jambo hili lisibaki la Marekani, na tuchague mahali petu wenyewe, tena pagumu. Tumechagua Engaresero. Wanachama wengi hawajafika, basi tutaeleza. Ni kijiji cha Wamaasai katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Natron. Njia yake hutokea Mto wa Mbu ikafuata chini ya ukuta huo kuelekea kaskazini. Jina lenyewe lina maji ndani yake, kwani "enkare" kwa Kimaasai ni maji, na kweli uko mto unaoteremka kutoka juu ya ukuta ukaleta uhai pale. Lakini pembeni yake ni vumbi, magadi na jua. Kusini yake umesimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, wenye urefu wa kiasi cha mita 2,960, nao ungali hai. Uji wake wa moto si kama wa volkano nyengine: hutoka mweusi, kisha ukikaa hugeuka mweupe, kwa sababu una magadi. Karibu na kijiji ziko nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizokaushwa katika majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita, nazo zaonekana kama watu walipita jana.

Mwezi wa Julai 2007 ardhi ya huko ilitetemeka mara nyingi, na tetemeko moja lilisikika hata Nairobi. Mwezi wa Septemba mwaka huo mlima ukalipuka, majivu yakapanda juu sana angani, na wafugaji wakalazimika kuhamisha mifugo. Basi mtu asidhani kwamba msiba ni wa visiwani peke yetu. Wao wana mlima wao, sisi tuna bahari yetu.

Tuseme basi vijana watano wamepanda gari kwenda Engaresero siku ya Ijumaa, na wenzao watano wamebaki kwenye shamba la karafuu karibu na Wete. Masafa baina yao ni kiasi cha kilomita 500 kwa mstari ulionyooka, na katikati yao mna milima, mapori, na bahari. Hapana mnara watakaoutumia, wala intaneti. Watasikilizana kwa nini?

Kwa waya. Kwa mawimbi ya mita 40, waya wa shaba wa mita 20 hivi hukatwa katikati, kila upande mita 10, na pale katikati ndipo unapofungwa waya wa kuingia mtamboni. Hiyo ndiyo eriali nzima. Vijana wa Wete kazi yao ni nyepesi, kwani miti wanayo. Watachukua mshipi wa kuvulia, watafunga chubwi mwishoni, watautupa juu ya tawi, kisha wavute kamba, na kamba ivute waya. (Twaomba mtu asipigilie msumari mkarafuu kwa ajili ya kazi hii. Kamba yatosha, na mkarafuu haukuomba kushindana.) Wale wa Engaresero hawana mti mrefu wa kujivunia penye magadi, kwa hivyo itawabidi wabebe mlingoti wao, na mambo za chuma zisiposhika katika ardhi ile laini, watafunga kamba kwenye mawe makubwa. Upepo na vumbi la kiangazi litakuwa mtihani wao wa kwanza, kabla hata hawajasema neno.

Kisha huja jambo ambalo sisi tulilisoma mara mbili kabla ya kuliamini. Eriali hiyo haitakiwi kuwa juu sana. Ukiiweka mita sita au saba kutoka ardhini, sehemu kubwa ya nguvu yake hupanda juu moja kwa moja kama maji ya chemchemi, ikagonga tabaka ya juu ya anga iliyochajiwa na jua, ikarudi chini na kunyeshea nchi nzima mpaka kilomita mia kadhaa pande zote. Milima haina la kuzuia, kwani sauti imepita juu yake. Ndiyo sababu mtu aliye shimoni chini ya ukuta wa Bonde la Ufa aweza kusikilizana na mtu wa Wete mchana kweupe, ilhali redio za mkononi hushindwa kuvuka kilima kimoja.

Lakini mtu akikosea kuchagua wimbi, atashangaa. Akitumia mawimbi ya mita 20 badala ya 40, huenda akazungumza na London vizuri kabisa, na jirani yake wa Wete asisikie hata mkwaruzo. Mawimbi hayo hurudi ardhini mbali, yakaruka juu ya kichwa cha aliye karibu. Na jua likishatua, tabaka ile ya juu hupungua nguvu, mita 40 nazo zikaanza kuruka mbali, na hapo wenye kujua huhamia mita 80 ili wasipotezane. Mambo haya yameandikwa vitabuni, lakini hapana anayeyajua kweli mpaka ayafanye saa nane za usiku, taa ni ya kandili, na betri inapungua.

Na betri nayo ina hesabu. Mtambo wa wati 100 hunywa kiasi cha ampea 20 wakati wa kusema, na kiasi cha ampea moja wakati wa kusikiliza. Anayesema sana hulala mapema. Mtambo wa wati 5 hutosheka na kidogo sana, na betri moja ya gari, ikisaidiwa na paneli ya jua mchana, huweza kumvusha hata mwisho wa saa 24. Kwa hivyo katika kituo kilichopangwa vyema hutakuta kelele. Mmoja yuko mtamboni, mmoja anaandika daftari: saa, wimbi, nani kajibu, kasema nini. Mmoja anatazama betri na kamba. Wawili wamelala, na watakuja kuwapokea wenzao baada ya saa tatu. Anayeita husema "CQ", ndiyo desturi ya dunia nzima yenye maana ya kuwaita wote, kisha hutaja herufi zake, kisha hunyamaza na kusikiliza. Huko kunyamaza ndiko kunakowashinda wageni wengi. Vilabu vyengine huweka mtambo mmoja makhsusi kwa mtu ambaye hajawahi kusema redioni, akae na mwalimu pembeni, na twaona hilo ni jambo jema kuliko alama zote.

Watu watasema: haya ni mambo ya vijana wasio na kazi. Basi na tutazame visiwa vyengine.

Mwezi wa Desemba 2004 bibi mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman pamoja na wenzake. Walikwenda kwa ajili ya redio tu, kwani visiwa vile vilikuwa havijasikika hewani kwa miaka mingi, na wana-redio wa dunia nzima walikuwa wakivitamani. Asubuhi ya tarehe 26 ardhi ikatikisika, kisha ikaja tsunami. Simu zikafa. Wale waliokwenda kukusanya mazungumzo wakaacha mashindano yao siku ile ile, wakageuza mitambo kuwa posta: nani yu hai, nani anatafutwa, nini kinahitajika. Familia nyingi za bara India zilipata khabari za jamaa zao kwa njia hiyo. Mawimbi yale ya bahari, tukumbuke, hayakuishia huko. Yalifika mpaka pwani ya Afrika Mashariki, wakafa watu Somalia wengi, na Tanzania pia.

Mwaka huo huo, tarehe 7 Septemba, kimbunga Ivan kiliipiga Grenada, kisiwa cha kungumanga na basibasi, ambacho hulima karafuu pia. Sehemu kubwa ya nyumba ziliharibika na mikungumanga ikalala chini kama yetu ya mwaka 1872. Wana-redio wa ridhaa walikuwa miongoni mwa waliotoa khabari nje simu ziliponyamaza. Wakulima wenzetu wale wanajua, kama tujuavyo sisi, kwamba mti wa viungo ukianguka mtu husubiri miaka mingi kabla ya kuvuna tena. Kungoja msaada siku kumi badala ya siku mbili, kwa sababu tu hapana aliyesikia, ni hasara juu ya hasara. Na mwaka 2017, baada ya kimbunga Maria huko Puerto Rico, chama cha ARRL kilipeleka watu 22 wa kujitolea na mitambo yao kusaidia Msalaba Mwekundu. Hawakufundishwa siku ile. Walikuwa wameshafundishwa na Siku za Uwandani.

Na sisi je? Visiwa hivi si vigeni katika mambo haya. Zamani wana-redio wa Unguja na Pemba walikuwa na herufi zao, VQ1, ilhali Tanganyika ilikuwa VQ3, Kenya VQ4, na Uganda VQ5. Siku hizi Tanzania nzima ni 5H, na mwenye kusikia 5H1 hewani hujua kuwa mwitaji yuko Zanzibar. Kenya ina chama chao cha wana-redio wa ridhaa, na imepewa mojawapo ya vituo 18 vya dunia vinavyopiga mlio kwa zamu, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima ukaisha kwa dakika tatu, ili mtu yeyote apime mawimbi yanakwenda wapi saa ile. Mlio huanza kwa wati 100, ukashuka mpaka sehemu ya kumi ya wati moja. Na mara nyengine hata huo wa mwisho husikika ng'ambo ya bahari.

Tena kuna jambo ambalo Wapemba watalipenda. Mwaka 1964 Mwingereza mmoja, Geoff Watts, alianzisha hesabu ya visiwa vya dunia kwa ajili ya wana-redio. Kila kisiwa au kundi la visiwa lina nambari, na kila mwaka, mwisho wa wiki ya mwisho ya Julai, hufanyika mashindano ya saa 24 ambayo kisiwa ndicho kinachotafutwa. Huanza Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa zetu, na kumalizika Jumapili saa hiyo hiyo. Unguja ni AF-032. Pemba haikutiwa chini ya Unguja. Ina nambari yake peke yake, AF-063. Maana yake ni kwamba kijana mmoja akikaa chini ya mnazi huko Pemba, na waya wa mita ishirini na betri ya gari, wana-redio wa Japani, Brazil na Ujerumani watapanga foleni kumwita. Tajiri mwenye milingoti ya chuma huko bara hatapata foleni hiyo. Bahari ambayo hutufanya tuwe pekee ndiyo inayotufanya tutafutwe, na maji ya chumvi, kwa eriali iliyosimama wima ufukweni, husaidia sauti kwenda mbali kuliko ardhi kavu.

Gharama ipo, hatutaificha. Mtambo mzuri si wa bei ya jembe. Lakini mitambo midogo ya wati 5 imeshuka bei sana, na ile iliyokwishatumika huuzwa nafuu zaidi. Waya, kamba, na betri tunazo. Lililo la lazima kabla ya kusema neno hewani ni leseni, nayo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa bara na visiwani. Kijana anayetaka kuanza aanze kwa kusikiliza, na kujifunza Morse, ambayo haihitaji fedha bali masikio na subira. Skuli zetu za sekondari zina walimu wa fizikia ambao wangefurahi kupata waya juu ya paa kuliko mchoro ubaoni.

Tungependa matawi yalizungumze jambo hili kabla ya Julai. Mwanachama mwenye shamba lililo juu ya kilima, lenye miti miwili mirefu iliyoachana hatua thelathini hivi, na nafasi ya kupiga hema kwa usiku mmoja, amwandikie katibu wa tawi lake. Ataje pia kama pana njia ya gari, kwani betri ni nzito.